Mbiu Moja, Wasikilizaji Wawili: Maandalizi ya Brexit Bila Mkataba na Hofu ya Raia

Tarehe 11 Septemba 2019 serikali ya Uingereza ilichapisha, kwa shingo upande, waraka mfupi ulioandikwa tarehe 2 Agosti kuhusu yale ambayo yangeweza kutokea endapo nchi ingejitoa Umoja wa Ulaya bila mkataba. Bunge ndilo lililoilazimisha kuutoa. Waraka huo, uliotokana na mpango wa dharura ulioitwa Yellowhammer, ulikisia kwamba malori yangeweza kukwama siku moja na nusu hadi mbili na nusu kabla ya kuvuka mlango-bahari kwenda Ufaransa. Kwamba idadi ya malori yanayopita ingeshuka hadi kati ya asilimia 40 na 60 ya kiwango cha kawaida. Kwamba baadhi ya vyakula vibichi vingepungua. Na kwamba wenye kipato cha chini ndio wangeumia zaidi bei ya chakula na mafuta ikipanda. Magazeti yaliyadaka makisio hayo, na ni haki yao. Hata hivyo, sentensi iliyostahili kusomwa mara mbili ilikuwa nyingine. Waandishi wa waraka walikiri kwamba utayari wa wananchi na wafanyabiashara ulikuwa mdogo na ungezidi kupungua, kwa sababu hapakuwa na uamuzi wazi ambao ungempa mtu jambo halisi la kujiandaa nalo. Waliongeza kwamba watu walikuwa wamechoka, kwani tarehe ya kutoka ilikuwa imeahirishwa mara mbili.

Makala hii inaichukulia sentensi hiyo kuwa ushahidi wa msingi. Wasiwasi ulioikumba jamii ya Waingereza tangu katikati ya 2018 hadi mwisho wa 2019 hauelezeki kwa kusema raia walikuwa na woga wa asili, wala kwa kuwabebesha wanahabari mzigo wote. Chanzo chake kikuu kilikuwa serikali kuyatumia maandalizi yale yale kwa kazi mbili zinazopingana: kuitishia Brussels, yaani makao ya Umoja wa Ulaya, ili ilegeze masharti, na kuwatuliza raia ili waendelee na maisha yao. Mbiu moja ilipulizwa kwa wasikilizaji wawili. Aliyepaswa kutishika alitakiwa aamini kwamba hatari ni ya kweli na serikali iko tayari kuibeba. Aliyepaswa kutulia alitakiwa aamini kwamba hatari hiyo haitamfikia. Kwa kuwa wote wawili walisikia sauti ile ile, mmoja hakutishika vya kutosha na mwingine hakutulia hata kidogo.

Ili kuliona hilo, ni lazima kukumbuka hali ya kisheria, kwa maana hapo ndipo wengi waliotazama kwa mbali walipopotea njia. Katika kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 ya waliopiga kura walichagua kutoka. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka. Haikuuliza kutoka kwa namna gani. Waziri mkuu Theresa May alipopeleka taarifa ya kujitoa tarehe 29 Machi 2017, chini ya Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya, saa ilianza kuhesabu miaka miwili, na mwisho wake ulikuwa kutoka, mkataba uwepo usiwepo. Kwa maneno mengine, kutoka bila mkataba hakukuhitaji uamuzi wa mtu yeyote. Ilitosha watu wasielewane hadi saa ifike. Na watu hawakuelewana: tarehe 15 Januari 2019 Bunge liliukataa mkataba wa May kwa kura 432 dhidi ya 202, kipigo ambacho hakuna serikali ya Uingereza iliyowahi kukipata katika zama hizi, kisha likaukataa tena tarehe 12 Machi na tarehe 29 Machi. Tarehe 13 Machi wabunge hao hao walipiga kura kukataa kutoka bila mkataba, kura ambayo peke yake haikuweza kuisimamisha saa. Raia aliyefuatilia haya kwa makini alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Aliyakuta madaraka yametawanyika kiasi kwamba hakuna mkono mmoja uliokuwa umeshika usukani.

Serikali ilijua kwamba mwisho huo wa kisheria unatisha, ikataka kuufanya mtaji. Januari 2017, katika hotuba yake ya Lancaster House, May alitamka kwamba kukosa mkataba ni afadhali kuliko mkataba mbovu. Maneno hayo yana mantiki yake sokoni: mnunuzi asiyeweza kuondoka mbele ya duka hana nguvu ya kushusha bei. Lakini anayetishwa lazima aamini kwamba unaweza kuondoka kweli, na njia ya kumwaminisha ni kumwonyesha kwamba umeshafunga mizigo. Hivyo ndivyo maandalizi yalivyopewa kazi ya pili. Kuanzia tarehe 23 Agosti 2018 wizara zilitoa miongozo, 25 siku ya kwanza na zaidi ya 100 ilipofika Oktoba, kuhusu ushuru wa forodha, dawa, leseni za udereva, safari za ndege, hata mbwa na paka wanaosafiri na wenyewe. Mwezi mmoja kabla ya hapo Dominic Raab, waziri aliyesimamia kujitoa, alikuwa amewaambia wabunge kwamba serikali ingehakikisha kuna chakula cha kutosha. Mgawo wa vyakula ulikoma Uingereza mwaka 1954. Kwa waliozaliwa baada ya hapo, chakula cha kutosha hakikuwa jambo la kuahidiwa na waziri. Kulitaja tu kulitosha kuliondoa katika orodha ya mambo yasiyo na shaka. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hapa mbiu ililia, kisha aliyeipuliza akawasihi wanakijiji wasitoke nje.

Mwishoni mwa Agosti 2018, akiwa katika ziara ya Afrika, May alisema kwamba kutoka bila mkataba hakungekuwa mwisho wa dunia. Siku mbili baadaye alifika Nairobi, waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kufanya hivyo kwa miaka 30, akaahidi kwamba bidhaa za Kenya zingeendelea kuingia Uingereza bila ushuru. Ahadi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee kwa Kenya. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, na nchi za kundi hilo hupata nafuu ya ushuru bila kujadiliana. Kenya haimo. Mkulima wa maua wa Naivasha, ambaye sehemu ya maua yake hupitia minada ya Uholanzi na kuvuka mlango-bahari kwa lori, alikabiliwa na mashaka mawili kwa pamoja: ushuru mpya, na foleni inayonyausha mzigo. Mkataba wa kuyaondoa mashaka ya ushuru ulitiwa saini London tarehe 8 Desemba 2020, wiki tatu tu kabla ya kumalizika kwa kipindi cha mpito kilichofuata kutoka. Nataja jambo hili kwa sababu linaonyesha kwamba hata asiye raia, asiyesoma magazeti ya London, alishindwa kupanga msimu wake kwa sababu ile ile iliyotajwa katika waraka wa Agosti 2019.

Hakuna mahali ambapo mgongano wa kazi mbili ulionekana wazi kama katika suala la dawa. Agosti 2018 Wizara ya Afya iliwataka watengenezaji wa dawa waweke akiba ya wiki sita za ziada juu ya akiba yao ya kawaida. Papo hapo hospitali, madaktari, wafamasia na wagonjwa walitakiwa wasilimbikize dawa. Kwa mtazamo wa mpangaji wa ugavi, maagizo hayo mawili hayapingani: akiba ikikaa kwenye maghala makubwa humfikia kila mtu, ikikaa majumbani humnufaisha aliyewahi. Tuyatazame sasa kwa jicho la mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa insulini. Karibu insulini yote inayotumika Uingereza hutoka nje. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikishafunguliwa hudumu kama wiki nne hivi. Mgonjwa huyo anafungua mlango wa friji, anazihesabu kalamu zake za insulini, na anajua kwa siku ni lini ya mwisho itakwisha. Redioni anasikia kwamba makampuni yanaambiwa yaweke akiba kwa sababu hatari ipo, na yeye anaambiwa asiweke kwa sababu hatari haipo. Anasikia pia kwamba waziri mkuu mwenyewe ana kisukari cha aina ya kwanza, na kwamba makampuni ya dawa yametia saini hati za kutotoa siri za mipango hiyo. Februari 2019 sheria ikabadilishwa ili mfamasia, dawa ikiadimika sana, aweze kutoa mbadala kwa mujibu wa mwongozo wa serikali. Hatua hiyo haikuwa mbaya, na imekuwa na manufaa. Ila iliwafikia wagonjwa kama habari nyingine kutoka gizani. Kumwita mtu huyu mwenye taharuki ni kumwonea. Alifanya hesabu kwa namba alizopewa.

Barabarani mambo yalichukua sura ya maonyesho. Asubuhi ya tarehe 7 Januari 2019 malori 89 yalikusanywa kwenye uwanja wa ndege usiotumika wa Manston, katika jimbo la Kent, yakaendeshwa kwa msafara hadi bandari ya Dover, kilomita 32 hivi, ili kupima kama uwanja huo ungefaa kuegesha malori foleni ikizidi. Dover hupokea hadi malori 10,000 kwa siku. Jaribio la chini ya asilimia moja ya mzigo haliwezi kumwambia mhandisi wa barabara mengi. Kamera, hata hivyo, liliziambia kwamba serikali haitanii. Majuma hayo hayo ilibainika kwamba kampuni moja iliyopewa zabuni ya pauni milioni 13.8 ya kuendesha feri za ziada haikuwa na meli hata moja. Zabuni ilifutwa Februari, na mwezi uliofuata serikali ikakubali kuilipa kampuni ya Eurotunnel pauni milioni 33 ili imalize kesi iliyofungua kuhusu namna zabuni zilivyotolewa. Serikali iliyokuwa inaandaa nchi yake tu ingeanza na meli. Iliyokuwa inaharakisha kuonyesha kwamba inaandaa ilianza na tangazo.

Boris Johnson, mrithi wa May, alipoingia madarakani tarehe 24 Julai 2019, kazi ya kutishia iliimeza ile ya kutuliza. Nchi ingetoka tarehe mpya, 31 Oktoba, potelea mbali. Wizara ya Fedha ikatenga pauni bilioni 2.1 za nyongeza. Septemba ikazinduliwa kampeni kubwa ya matangazo, kwenye mabango na kwenye televisheni, ya kuwataka watu wajiandae kwa Brexit. Waraka wa Yellowhammer ulipovuja Agosti, mawaziri walisema ni wa zamani, ilhali tarehe yake ilikuwa siku tisa baada ya Johnson kuingia madarakani. Nakala iliyovuja, kwa mujibu wa gazeti la Sunday Times lililoipata, iliyaita makisio hayo hali ya msingi. Nakala iliyochapishwa rasmi ilikuja na kichwa kingine, makisio ya hali mbaya zaidi inayoweza kufikirika, na aya ya 15 ilikuwa imefunikwa kwa wino mweusi. Tofauti ya majina hayo ni kubwa. Hali ya msingi ndiyo unayoitegemea. Hali mbaya zaidi ndiyo unayoiombea isifike. Msomaji aliyeyaona majina yote mawili juu ya namba zile zile alibaki bila kipimo. Kisha tarehe 9 Septemba sheria iliyopitishwa na Bunge ikamlazimisha waziri mkuu aombe muda zaidi iwapo mkataba haungepatikana, na matangazo ya tarehe 31 Oktoba yakaendelea kubandikwa kana kwamba sheria hiyo haipo. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iliripoti Januari 2020 kwamba kampeni ilikuwa imetumia pauni milioni 46 na haikuweza kuthibitisha kwamba iliwaacha wananchi wakiwa tayari zaidi kwa kiasi cha maana.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii husema kwamba hofu ilipandwa na vyombo vya habari na wapinzani wa Brexit, waliokuwa na sababu za kisiasa za kutia chumvi. Lina ukweli ndani yake. Mei 2016, kabla ya kura, Wizara ya Fedha ilitabiri kwamba ushindi wa kutoka ungeleta mdororo wa uchumi mara moja na ukosefu wa ajira kwa mamia ya maelfu. Mdororo huo haukuja. Tangu hapo kila onyo rasmi lilibeba doa, hata lile la Benki Kuu la Novemba 2018, ambalo Benki yenyewe ilisisitiza kwamba ni taswira ya linaloweza kutokea na haikuwa ikitabiri. Lakini tukilichunguza, pingamizi hili linaiunga mkono hoja badala ya kuibomoa. Onyo la 2016 liliharibika kwa sababu lilitumika kushinda kura. Maandalizi ya 2018 na 2019 yaliharibika kwa sababu yalitumika kushinda mazungumzo. Na wenye maduka, ambao hakuna aliyewapigia kura, walisema mambo ya kupimika: barua ya wakuu wa supamaketi ya Januari 2019 ilieleza kwamba mwishoni mwa Machi, mazao ya Uingereza yakiwa hayajakomaa, asilimia 90 ya saladi, 80 ya nyanya na 70 ya matunda laini hutoka Umoja wa Ulaya, na kwamba vitu hivyo haviwekeki akiba. Nyanya haina chama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kila serikali, linasema, inapaswa kupanga kwa ajili ya baya kuliko yote, na ni busara kutoyaanika yote, kwa kuwa tangazo la uhaba huzaa uhaba. Mfano upo karibu. Machi 2012, kulipokuwa na tishio la mgomo wa madereva wa malori ya mafuta, waziri mmoja aliwashauri watu waweke petroli kidogo ndani ya dumu. Mgomo haukutokea, na vituo vya mafuta vilikauka kwa ajili ya ushauri. Ni kweli. Lakini ukilinganisha na Uswidi utaona mahali hasa penye kasoro. Mei 2018 serikali ya Uswidi ilizipelekea kaya milioni 4.8 kijitabu kinachoeleza la kufanya endapo janga au vita vitatokea: maji kiasi gani, chakula gani, redio ya betri. Maudhui yake yalitisha kuliko foleni za Dover, na bado Waswidi hawakuvamia maduka. Kijitabu kile kilikuwa na msikilizaji mmoja. Hakikuandikwa ili mtu wa Moscow au Brussels akisome na kubadili msimamo, na aliyekipokea aliweza kukiamini kwa kadiri kilivyosema. Uingereza haikukosa siri wala uwazi. Ilikuwa na vyote viwili kwa zamu, kulingana na mazungumzo yalivyokwenda wiki ile.

Wapo pia wanaokumbusha kwamba si raia wote waliogopa. Wengi miongoni mwa watu milioni 17.4 waliochagua kutoka waliona kutoka bila mkataba kuwa njia iliyonyooka, na walichohofia ni ushindi wao kuporwa. Mei 2019 chama kipya cha Nigel Farage, mpiga debe mashuhuri wa kutoka, kiliongoza katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya nchini humo, miezi michache tu baada ya kuanzishwa. Upande wa pili, zaidi ya watu milioni sita walitia saini ombi la kufuta taarifa ya kujitoa. Mgawanyiko huo ni wa kweli na sioni haja ya kuupunguza. Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa zinasikiliza mbiu ile ile na kila upande ulikuwa na sababu ya kujiona umedanganywa. Kama tishio halikukusudiwa kutekelezwa, aliyeliamini kwa furaha alilaghaiwa. Kama lilikusudiwa, aliyeambiwa atulie ndiye aliyelaghaiwa. Taasisi ya Mental Health Foundation ilipouliza watu wazima mwaka 2019 Brexit imewafanya wajisikieje, zaidi ya asilimia 40 walisema wamejiona hawana nguvu, na jibu hilo lilitajwa mara nyingi kuliko hasira au wasiwasi. Naona jibu hilo lina maana kubwa. Hasira inahitaji mhusika na wasiwasi unahitaji hatari. Kujiona huna nguvu kunahitaji tu kugundua kwamba maneno yanayokuhusu hayasemwi kwako.

Hali hiyo ilikuwa kali zaidi kwa waliokuwa na kidogo cha kufanya. Raia wa nchi za Ulaya waliokuwa wakiishi Uingereza, zaidi ya milioni tatu, walitakiwa kuomba upya haki ya kuishi katika nyumba walizozilipia kodi kwa miaka, na hadi Januari 2019 walikuwa wamepangiwa kulipia maombi hayo pauni 65. Kwenye mpaka wa Ireland, wenye urefu wa kilomita 500 hivi na njia za kuvukia zaidi ya 200, watu waliokumbuka vituo vya ukaguzi vya kabla ya makubaliano ya amani ya 1998 walisikia mpaka wao ukijadiliwa kama karata. Hawa hawakuwa wasikilizaji waliokusudiwa na upande wowote wa mbiu.

Linabaki pingamizi la mwisho, ambalo ndilo linalorudiwa zaidi siku hizi: mwishowe hakuna kilichotokea. Mkataba wa kujitoa ulipatikana, nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020, na mkataba wa biashara ukafikiwa tarehe 24 Desemba mwaka huo. Hofu, basi, ilikuwa bure. Jibu la kwanza ni la kimantiki: gari lililokwepa mtaro halithibitishi kwamba mtaro haukuwepo, na aliyekaa nyuma bila kuambiwa dereva anakwenda wapi hakukosea kushika kiti. Jibu la pili lilitolewa na matukio. Tarehe 20 Desemba 2020 Ufaransa ilifunga mpaka kwa sababu ya aina mpya ya virusi vya korona, na maelfu ya malori yakakwama Kent, mengi yakiegeshwa kwenye njia ya kurukia ndege ya Manston, mahali pale pale palipojaribiwa kwa malori 89. Hesabu ya nafasi za kuegesha ilikuwa imefanywa tangu zamani. Madereva, wengi wao wa kutoka Ulaya Mashariki, walilalamika kwamba vyoo havitoshi na chakula hakuna, wakalala ndani ya malori yao hadi Krismasi, huku wakazi wa Kent na watu wa kujitolea wakiwapelekea vyakula vya moto.